Mwalimu Aliyeanika Kingamwili

Kila mwaka, wanafunzi wapya walipoingia maabara kwa mara ya kwanza, Mwalimu alisimama katikati ya chumba, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeelekezewa bunduki, akasema, "Haya, nishikeni."

Watoto wa watu walitazamana. Nani wa kumshika profesa mzima? Mwishowe mmoja hujitosa, akamshika kiganja. Mwalimu hutikisa kichwa kwa huzuni. "Umeniua. Mkono huu ndio ninaokamatia adui, na wewe umeufunga. Nishike pengine." Mwingine humshika bega, mwingine mkanda, darasa linavunjika mbavu, mpaka atokee mmoja mwenye akili, au aliyenong'onezwa na waliotangulia, amshike pindo la koti jeupe kwa nyuma. "Hapo!" Mwalimu hupiga kelele. "Sasa usiachie." Kisha huzunguka chumba kizima akimburuta mwanafunzi huyo, mikono yake ikikamata vitabu, kofia, chupa za maji, chochote, kuonyesha kwamba mtu aliyeshikwa nyuma bado anafanya kazi zake zote. Mwaka wangu mimi nilimshika tai. Alinicheka hadi nilipohitimu.

Somo lenyewe lilikuwa hili. Katika damu kuna askari wanaoitwa kingamwili. Kila mmoja ana mikono miwili ya kukamatia kijidudu, na mkia. Ukitaka kumtumia askari huyo kupima ugonjwa, inabidi umbebeshe kitu kinachoonekana kwa macho, kwa mfano rangi. Wengi humpaka gundi popote, na nusu ya askari wao hufungwa mikono palepale. Mwalimu alitumia maisha yake kwenye njia nyingine: protini ndogo inayojua kushika mkia tu, ikiwa imebeba rangi mgongoni. Gizani hushika na kuachia, hushika na kuachia. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule ambao jicho halioni, inang'ang'ania na haitoki tena. Tulitaka kutengeneza kwa njia hiyo kijikaratasi cha bei rahisi, mfugaji adondoshee tone la damu ya mbuzi na kuona mstari kama mnyama ana ule ugonjwa wa kutupa mimba.

Hakupenda kuitwa Profesa. Ukimwita hivyo anageuka nyuma kutafuta nani ameingia. Alikuwa Mwalimu kwa wanafunzi, kwa walinzi wa geti, na kwa mama muuza mihogo ambaye hakuwahi kufundishwa naye hata neno moja.

Alikuwa mtu wa kurudisha vitu. Akiazima kalamu yako kutia saini, akaondoka nayo kwa kusahau, jioni utamwona anakuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa chuo, jasho linamtoka, kalamu imeshikwa mbele kama mshumaa wa kanisani. "Chako hiki." Na ahadi alizichukua vivyo hivyo. Alimwahidi kijana mmoja aliyefeli somo lake mara mbili kwamba harusi yake atakwenda. Harusi ikawa Turiani, siku ambayo gari la Mwalimu limekufa gia. Sisi tulikuwa tumeshakaa ukumbini, keki imeshakatwa, tukasikia trekta la miwa linanguruma nje. Akaingia na suti yake, majivu ya miwa iliyochomwa yamejaa kwenye kola, akaenda moja kwa moja kwa bwana harusi, akamwambia, "Nilisema nitakuja." Nilimpenda sana siku ile. Ninaandika haya kwa uchungu lakini hilo sitalificha.

Ila alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni hadithi. Hadithi nzuri ilimwasha mdomoni kama pilipili, hawezi kukaa nayo. Siku moja ngedere mmoja aliingia maabara kupitia dirishani, akakwapua tyubu iliyofungwa kwa foili, nadhani alifikiri ni chakula. Nilikuwepo. Alikuwa ngedere mmoja, tena mgonjwa mgonjwa. Wiki iliyofuata Mwalimu aliwasimulia wageni kuwa walikuwa kundi, na kiongozi wao alijaribu kufungua friji. Nilipomkumbusha faraghani alisema, "Binti, ngedere mmoja haendi mbali." Tulicheka. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kazi yetu yenyewe ilikuwa ya gizani. Protini ile ikiona mwanga kabla ya wakati wake imeharibika, kwa hiyo madirisha tuliyaziba kwa mablanketi na khanga, tukawasha taa nyekundu moja, tukawa tunagongana kama popo. Mwalimu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Mtu akifungua mlango bila kubisha, alifukuzwa siku nzima. Na aliyevunja sheria hiyo kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe, maana simu yake ikilia aliitoa mfukoni, kioo kikamulika chumba kizima. Hapo hujigombeza kwa sauti, akijiita majina, halafu hujifukuza. Tulimwona kupitia upenyo wa khanga amekaa kwenye benchi nje, anatumikia adhabu yake.

Halafu umeme ukatupiga. Ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na taa yetu ya urujuanimno, ile moja tu tuliyokuwa nayo, ikaungua. Kupata nyingine kulimaanisha kuagiza nje na kungoja, na kungoja huko hakukuwa na mwisho. Mwalimu akasema jua lina mwanga uleule, tutumie jua. Tukatoa vityubu nje, tukavipanga juu ya ukuta. Jua la Morogoro halina adabu. Askari wetu wakaganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Tukajaribu kuvifunika, mwanga haukuingia. Tukajaribu asubuhi sana, mwanga ukawa dhaifu.

Ndipo nilipomwambia habari za mama yangu.

Mama ni mkulima wa Mgeta, huko juu milimani. Huotesha karoti, kabichi na figili, na mbegu huzihifadhi mwenyewe. Mbegu hazitaki kukaa na unyevu, lakini ukizianika kwenye jua kali zinakufa kwa joto, na mwakani shamba linakuwa kipara. Kwa hiyo mama huchota maji ya kijitoni, ambayo ni baridi mpaka yanauma vidole, akayajaza kwenye beseni, akaweka sinia la mbegu juu ya maji, sinia likae likielea. Maji yakianza kupata uvuguvugu anayabadilisha. Nilipokuwa mdogo kazi ya kubadilisha maji ilikuwa yangu, na mama alikuwa akiniambia kila mara, "Jua nalitaka, joto silitaki."

Mwalimu alinitazama. "Rudia," akasema. Nikarudia. "Rudia tena, polepole, na mama mwenyewe alivyosema." Kisha akatoka bila koti, akaenda sokoni, akarudi amebeba beseni la bluu kichwani, mwenyewe, profesa mzima, wauza mitumba wakimshangilia njia nzima.

Tukaanika kingamwili kwenye sinia, juu ya maji na barafu, asubuhi, kabla mawingu hayajashuka kutoka mlimani. Mimi nilibadilisha barafu. Mwalimu alisimama na fimbo, akilinda dhidi ya ngedere. Ilituchukua majaribio mengi kujua tukae muda gani, na vipimo karibu vyote nilivifanya mimi, kwa mikono yangu hii. Siku tulipopima tukakuta rangi imeshika mkiani na haitoki, na mikono ya askari iko huru, Mwalimu alinishika mabega akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. "Jina lako litatangulia langu. Makala hii ikitoka na jina lako, wenzetu wa ng'ambo watakuchukua kwa shahada ya uzamivu bila kuuliza swali la pili. Nimeshaongea nao. Wanangoja jina tu."

Jina tu. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka duniani. Sikuwa na mjomba wizarani. Nilikuwa na jina langu, na mlango mmoja uliokuwa ukilingoja.

Nilimwambia mama kila kitu. Alinisikiliza, akanipa hongera. Siku chache baadaye akashuka mjini kuiona maabara, amevaa gauni lake la misa, kikapu kimejaa njegere na karoti. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho hata mkuu wa idara hakuwahi kukikalia. Barafu ilikuwa imeisha, nikaenda kuitafuta, nikawaacha wanazungumza. Niliporudi mama alikuwa anasimama kuaga, na Mwalimu anakitazama kikapu. Nilimuuliza mama wamezungumza nini. Akasema mbegu.

Makala ikatoka. Niliifungua kwenye simu, nimekaa kitandani, huku natabasamu kabla sijasoma. Jina la Mwalimu lilikuwa la kwanza. Yalifuata majina ya watu waliopima vitu viwili vitatu. Nikashuka mpaka chini, kwenye shukrani, ambako huwekwa hata dereva. Sikuwepo. Nikarudi juu, nikasoma tena, nikidhani macho yangu yana makosa.

Watu wa ng'ambo wakaniandikia kwa upole kwamba hawaoni ushahidi wa mchango wangu. Ukawa mwisho wa jambo hilo.

Nilikwenda ofisini kwake. Alikuwa anapanga kalamu mezani, moja moja, zote zikielekea upande mmoja. Nilimuuliza kwa nini. Nililia, nilipiga meza. Mtu huyu ambaye hajawahi kukosa neno, ambaye angeweza kumsimulia kipofu rangi, alizitazama kalamu zake akasema, "Sina la kusema, binti." Nikamwambia hata matusi yangekuwa afadhali. Akasema, "Najua."

Bado hakunimaliza. Miezi kadhaa baadaye alitoa mhadhara kwenye kampasi ya Mazimbu, ukumbi umejaa, na mimi mjinga nilikwenda, nikakaa nyuma, labda nitasikia jina langu likitajwa walau kwa mdomo. Akasimama. Akainua mikono, akashikwa koti, watu wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Mama yangu," alisema, "alikuwa mkulima wa Mgeta. Alikuwa akianika mbegu za figili juu ya beseni la maji ya kijitoni. Na alikuwa akiniambia: jua nalitaka, joto silitaki."

Mama yake! Mtu ambaye ukungu wa mlimani ulimpa mafua, asiyejua figili inaota juu ya ardhi au chini. Alisimulia mpaka vidole vilivyouma kwa baridi, vidole vyangu mimi, akiwa ameviinua mbele ya watu. Ukumbi ulipiga makofi. Mwanamke aliyekaa jirani yangu alifuta machozi. Nilitoka nje kabla makofi hayajaisha.

Kuibiwa kazi wengi wanakujua. Hili lingine sikuwa na jina la kuliita. Mtu amekuchukulia mama, amesimama naye jukwaani, na watu wanampa pole na hongera.

Niliacha maabara. Nikapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo Kihonda, na humo nimo mpaka leo. Vile vijikaratasi sasa vinakuja kwa maboksi. Mfugaji analeta damu, nadondosha, tunangoja mstari. "Dada, kitu hiki kina akili," wananiambia. Nakubali. Na kila Jumamosi napanda Mgeta kwa mama, namsaidia shambani, nalala, narudi. Kwetu Waluguru nyumba na shamba hufuata upande wa mama, na mimi ndiye binti pekee.

Miaka yote hiyo, nikifika, nilimtoa Mwalimu moyoni na kumweka katikati ya jiko la mama. Nilimsema. Nilirudia kalamu, Mazimbu, vidole, kila kitu. Mama alisonga ugali, akasema, "Mwizi yule. Mwache, Mungu anamwona." Akaniongezea mboga. Wakati mwingine alimtukana kunizidi, na nikajisikia nafuu, kwa kuwa nilikuwa na mtu mmoja duniani wa upande wangu kabisa. Bila hilo nadhani ningeharibika akili.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, Jumamosi moja nilikuwa uwanjani nachambua maharage na mama, nikasikia gari linapanda kwa taabu. Likasimama barabarani. Akashuka Mwalimu.

Alikuwa amestaafu. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na kwa mbali koti lake la kawaida lilionekana kama la kuazima. Alipiga chafya kwa ukungu kabla hajafika. Mama alinyanyuka, kisha akakaa tena, jambo ambalo hafanyi kwa mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

Mimi sikumwamkia. Mkubwa wangu, mwalimu wangu, nilimtazama tu usoni, na yeye hakudai.

Hakukaa. Alisimama mbele ya mama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Mama, wameandaa sherehe ya kuniaga," alisema. "Wanataka nisimame, niisimulie tena ile habari ya mbegu. Siwezi tena. Nimekuja kukuomba unifungue."

Nikacheka kwa hasira. "Akufungue nini? Mama yangu ana nini na wewe?"

Mwalimu alimngoja mama. Mama aliendelea kuchambua, punje mbovu huku, nzima huku, muda mrefu. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie."

"Ile siku aliyokuja na kikapu," Mwalimu akaniambia, "ulikwenda kutafuta barafu. Mama yako aliniomba nisiandike jina lako. Alisema, huyu ndiye binti niliye naye. Jina likiandikwa ataitwa, akiitwa atakwenda, na huko hawarudi. Akaniomba niahidi, na niahidi kwamba wewe hutajua. Nikaahidi."

Nilisikia mbuzi wa jirani, nikasikia maji ya kijitoni.

"Ungekataa," nikasema.

"Ningepaswa kukataa. Ndiyo. Na sitakudanganya, kukubali hakukuwa kugumu. Makala ilibaki yangu, sifa zikabaki zangu. Nilijiambia ninatunza ahadi."

"Na Mazimbu? Nako ulikuwa unatunza ahadi?"

"Kule hapana. Nilikatazwa kukutaja, na hadithi ilikuwa nzuri mno, ikanishinda kuifungia. Nikaitafutia mtu."

"Ukajipa mama yangu."

"Nikajipa mama yako," alisema.

Ningeweza kummaliza hapo. Maneno niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka yalikuwa yote mdomoni, tayari. Lakini nilikuwa nimeshageuka kumtazama mama.

"Mama. Ni kweli?"

"Ungekwenda," alisema.

"Kila Jumamosi. Kila Jumamosi nilikuja hapa nikamtukana mtu huyu, na wewe ulikuwa unanisaidia. Ulimwita mwizi kwa mdomo wako."

"Ulikuwa unaumia, mwanangu. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli!"

Akaweka ungo chini. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyefanya hesabu yake zamani na akaridhika nayo. "Nyumba hii ningemwachia nani?" aliuliza. "Shamba la mama yangu lichukuliwe na nani? Uliona watoto wa wenzangu walioitwa huko. Wanatuma picha." Kisha akanyoosha mkono akanigusa goti, na akasema kwa upole ambao sitausahau, "Na umebaki. Si umebaki?"

Nilimchukia Mwalimu kwa miaka mingi na chuki ile ilikuwa na mahali pa kukaa. Sasa sikujua niiweke wapi. Mtu aliyenifungia mlango alikuwa ananisugulia miguu kwa mafuta nikifika nimechoka. Alikuwa ananifungashia karoti za kurudi nazo.

Mwalimu akaaga. Mama akamwambia chakula kiko jikoni, mgeni haondoki mikono mitupu wala tumbo tupu. Akashukuru, akasema njia ni ndefu. Akaanza kuteremka kuelekea barabarani, taratibu, akichagua pa kukanyaga.

Niliingia ndani, nikachukua mkoba wangu. Nikapita mbele ya mama, nikamfuata Mwalimu, nikamwambia naomba anifikishe mjini. Sikuwa nimemsamehe. Sijamsamehe hata sasa ninapoandika. Ila lilikuwa gari pekee lililokuwa linaondoka.

Mama alitoka mpaka ukingo wa uwanja. "Hujala!" akaita. "Mwanangu, hujala!"

Mwalimu akasita, ufunguo uko mkononi, akanitazama. Nikamwambia awashe gari.